Fedha ya Moscow: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, nasi hatujambo. Unasema mwenzako wa mazoezini anaidharau medali ya fedha ya Dimitar Zapryanov, yule mcheza judo wa Bulgaria wa uzito wa zaidi ya kilo 95, kwa kuwa aliipata Olimpiki ya Moscow 1980 Wajapani wakiwa wamesusia. Nawe unaniuliza kama medali ile ina hesabu.

Ina hesabu, baba.

Tumpe kwanza mwenzako haki yake. Yasuhiro Yamashita wa Japani alikuwa bingwa wa dunia wa uzito huo tangu 1979. Angekanyaga Moscow, dhahabu ningempa yeye kabla hata hawajafunga mikanda. Lakini sisi tunabishania fedha. Mtazame aliyemshinda Zapryanov kwenye fainali: Angelo Parisi, mzaliwa wa Italia, ambaye 1972 kule Munich aliipatia Uingereza shaba, kisha akahamia Ufaransa. Los Angeles 1984, Wajapani wakiwa wamejaa tele, Parisi huyo huyo alifika tena fainali ya uzito huo huo, na aliyemzuia dhahabu ni Mjapani Hitoshi Saito. Kushindwa na mtu wa namna hiyo ni bahati ya mtende? Na shaba zilikwenda kwa Vladimír Kocman wa Czechoslovakia na Radomir Kovačević wa Yugoslavia, nao si watu wa kubebwa.

Umeuliza pia kwa nini Zapryanov hakwenda Los Angeles kulipa kisasi. Mei 1984 Wasovieti walitangaza kususia, na Bulgaria ikafuata mara moja. Wakubwa wanapoamua, mchezaji haulizwi, hata kama miaka minne yote alikuwa anaamka alfajiri kujifua.

Hayo sisi tunayajua vizuri kuliko huyo mwenzako. Mwanariadha wetu Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 Christchurch 1974, halafu Montreal 1976 akaikosa kwa sababu Afrika iligoma. Mwaka 1980 Rais Carter wa Marekani akamtuma bondia Muhammad Ali, si mwingine, aje Dar es Salaam atushawishi tusiende Moscow. Mwalimu hakukubali hata kuonana naye. (Baba yako mpaka leo analalamika: Ali yupo mjini, na mtu anakataa kumwona!) Tukaenda. Bayi akapata fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui akapata fedha ya mita 5000. Wakenya, wenye mbio zao, hawakuwapo.

Medali hizo mbili ndizo pekee za Olimpiki ambazo Tanzania inazo. Mwulize mwenzako kama nazo anazifuta. Akisema ndiyo, mlete nyumbani Jumapili, baba yako atamsikiliza.

Wako,
Mama