Nilimwahidi Mungu Rozari nzima kila siku ya Kwaresima, sasa nasinzia

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni mama lishe. Naamka saa tisa usiku kubandika supu, narudi saa mbili usiku. Jumatano ya Majivu niliahidi Rozari nzima kila siku, lakini nikianza tu matendo ya uchungu usingizi unanichukua. Njia ya Msalaba sijafika hata Ijumaa moja. Nyumbani tuna chumba kimoja na watoto watatu. Je, natenda dhambi?

JIBU: Milele amina, mama.

Kusinzia kwa uchovu si dhambi. Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, mtawa wa Karmeli, alisinzia mara nyingi akisali, akajifariji kwamba wazazi huwapenda watoto wao hata wakiwa wamelala. Mwaka 1997 Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa. Na Njia ya Msalaba ni ibada njema sana, ila si amri. Misa ya Dominika ndiyo usiiache.

Kuhusu ahadi: kama ilikuwa nia tu ya Kwaresima, ipunguze bila hofu. Kama uliweka nadhiri kwa Mungu kwa kukusudia kabisa, muone paroko wako. Sheria ya Kanisa inampa mamlaka ya kukuondolea nadhiri binafsi kwa sababu ya haki.

Sasa muda. Soma Marko sura ya 1. Jioni mji wote umekusanyika mlangoni, wagonjwa tele. Yesu analala nyumba ya watu, hana chumba chake. Alfajiri, kungali giza, anatoka kwenda mahali pasipo watu na kusali. Hata hapo Simoni anamfuata: "Watu wote wanakutafuta." Hakungoja siku itulie, maana isingetulia.

Wapo wanaosema kazi ni sala, yatosha. Sikubaliani nao. Kazi uliyomtolea Mungu ni sala kweli, na ukikanda unga huku ukisema "Ee Mungu, uniumbie moyo safi" umefanya vyema. Lakini Yesu, pamoja na kazi zote zile, bado alijitenga.

Basi usiku usiulazimishe. Saa tisa, kabla ya kuwasha mkaa na kabla ya kugusa simu, keti nje mlangoni usali tendo moja: Baba Yetu, Salamu Maria kumi, Atukuzwe. Ni kama dakika tano. Tendo hilo moja lisali kila siku, hata siku usiyojisikia. Usiongeze la pili mpaka la kwanza limezoeleka. Jirani yako wa jumuiya anayesali Rozari nzima pengine haamki saa tisa.

Ijumaa usiku someni kituo kimoja tu cha Njia ya Msalaba, mtoto mkubwa ndiye asome. Vituo ni 14, hamtavimaliza kabla ya Pasaka, na haidhuru.