Mlima Meru Unapandwa Kitandani

Kila mwaka masika yakishakatika na Juni kubisha hodi, simu yangu huanza kupokea ujumbe uleule: "Kaka, tuko sita, tunataka kupanda Meru, tuanzie wapi?" Nimekwenda mara nne na marafiki tuliosoma pamoja. Mara mbili nimefika kileleni, mara mbili nimerudia njiani. Zile mbili za kurudia njiani ndizo zilizonifundisha haya ninayowaandikia.

Karibu wote mnauliza mazoezi. Fanyeni, hayana ubaya. Pandeni vilima vya jirani Jumamosi na Jumapili, vaeni buti zenu mwezi mzima kabla ya safari hata mkienda sokoni, na mkate kucha za miguu siku moja kabla. Basi. Katika safari zangu sijaona mtu aliyeangushwa na mapafu yasiyo na mazoezi wala na miguu. Niliowaona wakirudi waliharibikiwa kati ya saa tisa alasiri na saa saba usiku, wakiwa wamekaa ndani ya kibanda, hawapandi chochote.

Ratiba ya kawaida ni siku nne. Ya kwanza mnatoka geti la Momella, mita 1,500 hivi, mpaka vibanda vya Miriakamba, mita 2,514. Ya pili mnapanda ngazi zisizoisha za msituni, mnapumzika Mgongo wa Tembo, mnalala Saddle Hut kwenye mita 3,570. Usiku wa kuamkia siku ya tatu mnaenda kileleni, mita 4,562, na siku hiyohiyo mnashuka hadi Miriakamba. Ya nne mnarudi getini. Muda wote mnatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati na tembo. Hilo ni sharti, kwa hiyo yule rafiki yenu anayesema mwaka jana alipanda kimyakimya na binamu yake msimsikilize.

Shida ya sisi watu wa Arusha ni mazoea. Mlima tunauona kila asubuhi tukinunua maandazi. Mtu anajiambia Kilimanjaro ndio mlima, huu ni wa kujipasha moto. Lakini siku ya tatu mnapanda karibu mita 1,000 gizani, halafu mnashuka zaidi ya mita 2,000 kabla ya kulala. Na mwili umepewa usiku mbili tu za kuzoea hewa nyepesi.

Safari yetu ya kwanza tulikuwa watano. Siku ya pili tulifika Saddle mapema, kwa mbio, tukijisifu kwamba tumewapita Wajerumani waliotangulia. Mwongozaji wetu (mjini tunamwita gaidi, yaani 'guide', msishtuke) alisema tupumzike kidogo kisha twende Little Meru, kilele kidogo cha mita 3,820 kilicho hapo jirani. Tukamcheka: tupande ili tushuke? Tukacheza karata. Mmoja wetu akatoa chupa ya pombe kali aliyoificha kwenye soksi, ya "kuondoa baridi". Chakula cha jioni kilirudi jikoni nusu. Rafiki yetu mmoja, ambaye ndiye mwenye mwili wa mpira kuliko sote, kichwa kilimuuma tangu saa kumi na akanyamaza, kwa kuwa nani atakuwa wa kwanza kulalamika mbele ya wenzake? Saa nane usiku tuliondoka. Tulipofika Rhino Point, kituo cha njiani kwenda kileleni, rafiki huyo alitapika mara tatu, na alipojaribu kusimama akayumba kama mlevi.

Na hapa ndipo ubahili ulipotuumbua. Ili kubana hela tulikataa kuchukua mwongozaji msaidizi. Mwongozaji alikuwa mmoja, askari ni wa msafara mzima, mgonjwa hawezi kurudi peke yake gizani. Tukarudi wote watano. Chukueni msaidizi. Mkiona bei inauma, gawanyeni kwa idadi yenu halafu linganisheni na mnachotumia wikendi moja.

Sasa, mkifika Saddle fanyeni hivi. Kabla hujakaa kitandani, vua kila kilicholowa jasho, hasa fulana ya ndani na soksi, uvae vikavu. Ukikaa na jasho kwa nusu saa pale juu, baridi itakuingia na haitatoka mpaka kesho. Nguo mbichi hazikauki Saddle, msijidanganye kuzitundika. Kunyweni chai ya tangawizi, kisha nendeni Little Meru polepole na mrudi. Kule kupanda na kushuka kuna maana: mwili unaonjeshwa hewa ya juu, unaanza kuvuta pumzi kwa kina zaidi, halafu unalala chini ya pale ulipofika.

Chakula cha jioni ni kazi, si starehe. Mwinuko unaua hamu ya kula, na wali mkavu wenye kuku wa kukaanga utautazama tu. Mwambieni mpishi tangu mjini apike vitu vya kuteleza. Kwetu sisi kilichofaulu ni mtori. Mtu ambaye hawezi kumeza mkate anamaliza bakuli mbili za mtori bila kujua. Mfukoni wekeni karanga, kashata na ubuyu, si biskuti zinazokausha mdomo.

Maji nayo. Kuna watu hupunguza kunywa jioni ili wasitoke kwenda chooni usiku, maana choo kiko nje na upepo unakata. Usifanye hivyo. Kunywa, na panga vitanda kwa akili: anayetoka mara nyingi alale kitanda cha chini karibu na mlango, anayekoroma apewe chumba chake na mwenzake kiziwi. Chupa moja ijazwe maji ya moto, uivishe soksi, ulale nayo. Itakupasha miguu na alfajiri utakuwa na maji yasiyouma meno. Simu na betri za taa ya kichwa lala nazo humohumo, kwani baridi hunyonya chaji.

Panga begi la usiku kukiwa bado kuna mwanga. Nguo zipangwe kwa mfuatano wa kuvaliwa. Saa saba usiku, vidole vimekufa ganzi, watu wanne mnagombania chumba cha upana wa daladala, utatafuta glovu ya kushoto mpaka ulie. Kwa glovu na makoti msinunue vipya, nendeni soko la mitumba la Krokoni, au Memorial kama uko Moshi. Mitumba ya nchi za baridi imeshajaribiwa na wenyewe.

Usingizi hautakuja vizuri. Usiuwinde. Jilaze, funga macho, inatosha. Kitu ambacho hakuna aliyenionya ni pumzi za wenzako. Utasikia mtu aliyelala anavuta pumzi haraka haraka, kisha kimya, sekunde kadhaa hakuna kitu, halafu anavuta kwa nguvu kama aliyeibuka ziwani. Mara ya kwanza nilimwamsha rafiki yangu nikidhani anakufa, naye akanitukana. Kwenye mwinuko hutokea hata kwa watu wenye afya kabisa. Mwache alale.

Kisichoachwa ni kichwa kinachozidi kuuma huku mtu amekunywa maji na kupumzika, kutapika kusikokoma, kikohozi na kukosa pumzi hata akiwa amekaa, kuongea pumba au kushindwa kutembea kwa mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole. Huyo hapandi hata hatua moja, na akiyumba au akikosa pumzi hasubiri asubuhi, anashushwa usiku uleule. Dawa za kuzuia ugonjwa wa mwinuko zipo, muulizeni daktari kabla ya safari na si mwenzenu kibandani. Kwenye kundi letu sasa kuna sheria kwamba kila jioni kila mtu anaulizwa hadharani: kichwa? tumbo? umekojoa? Tangu tuanze, kunyamaza ndiyo imekuwa aibu, si kusema.

Kuhusu wapagazi, ambao mlimani wanaitwa wagumu, nina neno moja. Mgumu amebeba mtori wako, begi lako na maji yako, na atafika kabla yako. Usimwongezee spika ya muziki. Bakshishi kubalianeni mjini, kila mtu atoe kabla ya kuondoka, maana siku ya nne getini marafiki hugeuka wahasibu.

Usiku wa kileleni wenyewe nitaupitia haraka, mtauona. Nendeni mwendo wa mtu wa mwisho. Baada ya Rhino Point kuna mteremko kisha miamba, shikeni kwa mikono na msitazame kushoto wala kulia. Cobra Point watu wengi hudhani wamefika. Bado. Jua likichomoza nyuma ya Kilimanjaro na ile koni ya majivu ya volkano ikionekana chini yenu, pigeni picha mbili mteremke, kwa sababu magoti yenu yana kazi mpaka jioni.

Yule rafiki aliyetapika Rhino Point alifika kileleni safari yetu ya tatu. Siku hizi ndiye anayepita kitanda kwa kitanda pale Saddle na taa usoni, akimmulika kila mtu machoni: "Wewe, umekojoa?"