Nione wapi fenicha za zamani kwa simu?

SWALI: Habari zenu wahariri, mi ni fundi seremala hapa Tabora, natengeneza makabati na viti vya mninga. Kuna mteja kaniambia makumbusho ya Ulaya yameweka fenicha za zamani mtandaoni, ni kweli na inalipiwa? Fundi, Ipuli.

JIBU: Kweli kabisa fundi, na hulipi kitu zaidi ya bando lako. Anza na Victoria and Albert Museum ya London, wale kazi yao hasa ni sanaa za mapambo, yaani viti, kabati, vyombo vya udongo, vitambaa, na vitu zaidi ya milioni moja viko kwenye katalogi yao. Andika kwa Kiingereza jina la unachotaka afu ongeza aina ya mbao au karne, maana ukiandika kiti tu utazama humo hadi chaji iishe. Usiishie kwenye picha, shuka chini usome vipimo na mbao iliyotumika, kwa fundi hapo ndo penye utamu.

Ukitaka picha za kutumia hata kibiashara nenda makumbusho ya Metropolitan ya New York, tangu 2017 zile zisizo na hakimiliki wameziachia bure, ila angalia kwanza kila picha kama ina alama ya kuonyesha haina hakimiliki.

Afu jamani, kwenye makumbusho ya Berlin, Ujerumani, kuna kiti cha enzi cha Kinyamwezi, mgongoni kimechongwa umbo la mtu. Kitafute hicho kabla ya vya wafalme wa Ufaransa!