Kabla hujatuma hiyo laki na nusu ya akaunti ya RuneScape

Mkuu, usitume hiyo hela. Kama umeshaandika namba na kiasi, futa, toka, kisha rudi usome hapa.

Umeuliza mambo manne: mgeni wa gemu ya Old School RuneScape aanze na ujuzi gani, kama simu yako ya RAM GB 3 itaibeba, kama kuna haja ya kulipia uanachama, halafu mwishoni kabisa, kama kitu kidogo, ukatupia kwamba kuna jamaa Telegram anakuuzia akaunti iliyokwisha kuiva kwa laki na nusu "ili nisianze sifuri". Wadau wawili hapo juu wamekujibu kuhusu ujuzi na kupita kwenye akaunti kama hawajaiona. Mimi nimeiona, na imenikaa rohoni tangu asubuhi.

Mwaka 2020 nilinunua. Shilingi 180,000. Nilikaa nayo miezi saba.

Gemu hii naijua zamani. Ilianza Januari 2001, mikononi mwa Andrew Gower na ndugu yake Paul kule Uingereza. Mimi nilikutana nayo 2007 kwenye intaneti kafe moja Tanga, feni za kompyuta zinalia kama mashine ya kusaga, muda ukiisha skrini inazima hata kama uko katikati ya vita. Baadaye kampuni yake, Jagex, iliibadilisha mno mpaka wachezaji wa zamani wakagoma, na Februari 2013 kampuni ikairudisha ile ya zamani kutoka kwenye nakala iliyohifadhiwa Agosti 2007. Ndiyo hii tunayoiita Old School. Ilipoingia kwenye simu Oktoba 2018, nikasema sasa nimepona, sihitaji tena kafe.

Ila nilikuwa na kazi, na mtoto wa mwaka mmoja. Akaunti yangu ya kafe ilishakufa pamoja na anwani ya Yahoo niliyoiunganisha nayo. Nikapiga hesabu: kufikisha levo 99, kilele cha ujuzi mmoja, unahitaji alama 13,034,431. Na usione mtu ana 92 ukadhani amekaribia, 92 ndiyo nusu ya safari. Mwenye mtoto anayelia saa nane usiku akiona hesabu hiyo anaanza kutafuta njia ya mkato, na watu wa njia ya mkato wanamnusa kwa mbali.

Aliyeniuzia hakuwa mgeni, na hapo ndipo panaponiuma. Tulikuwa naye kundi moja la Waswahili wa gemu. Kila Ijumaa anatuma salamu, mtoto wangu alipougua aliniuliza hali yake. Aliniambia: "Nakupa imeili, nakupa neno la siri, unabadilisha vyote, inakuwa yako kabisa." Sauti yake bado ninayo masikioni. Mtu anayekuuliza hali ya mwanao huku anajua atakachokufanyia, huyo sina jina lake kwa Kiswahili, na Kiswahili kina majina mengi.

"Inakuwa yako." Jamaa yako wa Telegram atakuambia maneno hayo hayo, kama hajakuambia tayari. Haiwi yako. Nakueleza kwa nini, polepole.

Akaunti nyingi za mtindo wa zamani unaingilia kwa imeili ile aliyofungulia mtu siku ya kwanza. Ukishainunua unaweza kuweka imeili yako ya mawasiliano, ukabadili neno la siri, ukaweka namba za uthibitisho zinazokuja kwenye simu yako, ukaweka PIN ya tarakimu nne kwenye benki ya ndani ya gemu. Nilifanya yote hayo, jioni ile ile, nikalala usingizi mzito. Sasa kuna utaratibu wa kurudishiwa akaunti kwa mtu anayedai ameibiwa. Anaulizwa: ulifungua lini, ulikuwa wapi, maneno yako ya siri ya zamani yalikuwa yapi, malipo ya kwanza ulilipa kwa njia gani. Niambie wewe, kati ya muuzaji na mnunuzi nani anayajua majibu hayo? Wewe unaifahamu akaunti kuanzia siku uliyolipa tu. Yeye anaijua tangu ikiwa haina hata upanga wa shaba. Akipita kwenye hayo maswali, kinga zako za mlangoni zinaondolewa ili "mwenye mali" aingie. Na kwa macho ya mfumo mwenye mali ni yeye kweli, hajadanganya jibu hata moja.

Huku kwetu kila mtu ana ndugu aliyeuziwa kiwanja mara ya pili. Unajenga, unapaua, unapanda mwarobaini, siku moja anakuja mtu na karatasi zenye tarehe ya nyuma kuliko zako. Akaunti ya kununua ni kiwanja hicho. Imeili ya kwanza ndiyo hati, na hati haijawahi kutoka mikononi mwa muuzaji.

Atakuambia pia kwamba siku hizi kuna Jagex Account, mfumo mpya wenye ulinzi mkali, kwa hiyo wasiwasi uondoe. Muulize nani alizitoa namba za akiba za dharura siku ulinzi ulipowekwa, na nani kakuhakikishia kwamba hana nakala kwenye daftari. Atabadilisha mada.

Sasa nikueleze nilichopoteza, maana ukisikia 180,000 utasema ni hela ya kusamehe. Hela niliisamehe ndani ya mwezi.

Kuna pango linaitwa Fight Caves. Unaingia peke yako, mawimbi 63 ya majini ya moto moja baada ya jingine, huwezi kutoka ukapumzika nje ukarudi na dawa mpya. La 63 ni Jad. Anapiga mpaka 97 kwa pigo moja, na uhai wa mchezaji aliyefika kileleni kabisa ni 99. Mapigo yake ya mbali ni mawili. Akijiinua na kuning'iniza miguu ya mbele hewani, huo ni uchawi, washa sala ya kinga ya uchawi, ni kitufe kwenye skrini. Akikita miguu chini kwa kishindo, ni jiwe linakudondokea kutoka juu, badili sala ya kinga ya mishale. Muda wa kubadili ni kama wa kupepesa macho mara mbili. Kwenye simu, kwa kidole gumba, na mtandao wa Kimara saa sita usiku.

Nilikufa mara nne. Mara ya tatu bando lilikata Jad akiwa amebakiza robo ya uhai. Mara ya tano nilinunua bando jipya mapema, nikachomeka chaji, nikashusha mwanga wa simu ili mke wangu asiamke, nikakaa sakafuni, mgongo ukutani. Zaidi ya saa nzima. Nakumbuka kidole kilikuwa kimelowa jasho, skrini inateleza, nikawa nakifuta kwenye shuka kila wimbi likiisha. Jad alipoanguka sikupiga kelele. Niliweka simu chini nikaitazama tu. Zawadi yake ni joho la moto, Fire Cape, mgongoni linatiririka kama lava. Joho hilo haliuzwi, halibadilishwi, huwezi kumpa hata ndugu yako. Linakaa na akaunti iliyolipata mpaka mwisho wa dunia.

Ndiyo maana nalisema. Dhahabu ningeweza kuihamisha kama ningeshtuka mapema. Silaha ningeweza kuziuza. Lakini levo hazihami, misheni ulizomaliza hazihami, joho halihami. Kila usiku niliotia jasho kwenye akaunti ile, nilikuwa nampambia mtu nyumba yake.

Siku yenyewe nilikuwa kwenye daladala, nimesimama, simu mfukoni. Mwenzangu wa kundi akapiga: "Kaka, mbona uko Grand Exchange unauza kila kitu, nakusalimu hujibu?" Grand Exchange ndilo soko kuu, lipo mji wa Varrock, watu wote hupita pale. Nikamwambia siko huko, niko njiani natoka kazini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi kuna mtu amevaa joho lako."

PIN ya benki haikumzuia muuzaji. Ukiomba kuifuta unasubirishwa siku 3 au 7, kutegemea ulivyopanga. Mimi wiki ile mtoto alikuwa amelazwa, sikufungua gemu. Yeye alisubiri.

Nilifikiria kuwaandikia kampuni. Nikafungua masharti, nikasoma kwa utulivu kwa mara ya kwanza: akaunti hairuhusiwi kuuzwa, kununuliwa wala kutumiwa na watu wawili. Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya malalamiko yangu ingekuwa ni kukiri kwamba nimevunja sheria yao. Hakuna mlango wa kugonga, mkuu. Polisi utawaambia nini, umeibiwa joho? Muuzaji alishanifungia kila mahali. Kwenye kundi alisema akaunti "imedukuliwa na watu wa nje", na kuna waliomwamini.

Na mimi bado nina bahati, maana yangu ilikuwa na mwenyewe mmoja tu anayejulikana. Nyingine zinazouzwa zimeibwa kwa mtu wa tatu, au zimekuzwa na programu zinazojichezea zenyewe usiku na mchana. Hizo zinaweza kufungwa moja kwa moja, na unayekutwa umezishika ni wewe. Soko lipo kwa sababu hela ipo. Venezuela walipoingia kwenye mfumuko mkali wa bei, kulikuwa na vijana waliokuwa wakiua majoka ya kijani kutwa nzima kwenye gemu hii hii na kuuza dhahabu yake ili wapate chakula. Hao siwalaumu hata kidogo, njaa haina masharti. Huyo wa Telegram anayekuandikia "bei ya kutupa, leo tu" hana njaa. Anajua kitu kimoja ambacho wewe hujui, na ndicho anachokiuza.

Sheria yangu ni hii moja, na ninaiandika kwa herufi kubwa: AKAUNTI IFUNGULIWE KWA IMEILI YAKO, KWA MKONO WAKO, SIKU YA KWANZA. Imeili yenyewe iwe hai, ya simu unayoishika kila siku, siyo ya kazini, siyo ya shemeji. Kama hujaifungua wewe, usiichezee hata ukipewa bure. Hata nikikupa mimi, kataa.

Watakaokuja hapa chini kusema "ni gemu tu, mnalia nini" nawakaribisha wasome tena pale penye sakafu na shuka, ndipo tuongee.

Na hiyo sifuri unayoikimbia wala haina urefu unaoufikiria. Mimi nilianza upya 2021. Unatua Lumbridge, mji wa kuanzia, mpishi wa ngome anakuomba yai, ndoo ya maziwa na chungu cha unga atengeneze keki ya siku ya kuzaliwa ya bwana wake. Dakika kumi umemaliza misheni yako ya kwanza. Ukishakuwa mwanachama, kuna misheni inaitwa Waterfall Quest: inakupa alama 13,750 za kushambulia na nyingine 13,750 za nguvu. Ukiingia ukiwa levo 1 kwenye zote mbili, unatoka ukiwa 30 kwenye zote mbili. Alasiri moja! Humo pangoni kuna majitu ya moto yatakayokumaliza ukisimama, kwa hiyo husimami, unakimbia unakula. Beba samaki, acha silaha nyumbani, kuna kaburi kwenye misheni hiyo halikuruhusu kuingia nazo. Niambie sasa, laki na nusu ingekununulia nini ambacho alasiri moja haikupi?

Uanachama kuna bondi, yaani tiketi za siku 14, zinazouzwa kwa dhahabu ya gemu pale Grand Exchange, kwa hiyo ukishazoea unaweza kujilipia mwenyewe ndani kwa ndani. Ila dhahabu hiyo uichume wewe. Anayeuza akaunti huwa anauza na dhahabu, ni duka lile lile.

Jad nilimpiga tena 2022, safari hii jaribio la pili. Mtoto alikuwa macho, kakaa pembeni yangu, ananiuliza huyo mdudu mkubwa ni nani na kwa nini ana hasira.

Fungua akaunti leo jioni. Ukimaliza kisiwa cha mafunzo ukatua Lumbridge, niandikie jina ulilochagua kwenye uzi huu huu. Nitakusubiri darajani, upande wa ng'ombe, na samaki wa kuanzia ninao.