Tuisheni ya hesabu na Kiingereza: maswali yenu na majibu yangu

Nafundisha watoto nyumba kwa nyumba hapa Mombasa, hesabu na Kiingereza. Maswali mliyoniletea nimeyafupisha, na majina nimeyaacha.

Salaam aleikum, mwalimu. Mwanangu yuko Gredi ya 7. Yuwaenda tuisheni siku tano kwa wiki na bado karatasi za hesabu zarudi nyekundu. Nimuongezee siku ya sita? — Mama, Kisauni

Wa aleikum salaam, mama. Usimuongezee. Hata hizo tano zipunguze zibaki mbili, ila ziwe za kukaa na mwalimu ana kwa ana. Mtoto anayeshindwa na hesabu za Gredi ya 7 mara nyingi alipotea njia tangu Gredi ya 4 au ya 5, na hakuna aliyerudi kumtafuta. Akitiwa chumba kimoja na wenzake thelathini, akarudiwa mada ileile ya shule, huko alikopotea hakufikiki.

Kuna kijana aliletwa kwangu Kongowea kwa sababu ya aljebra. Nikaiweka aljebra kando, nikampa 1/2 + 1/3. Akaandika 2/5 bila kusita: ya juu akajumlisha na ya juu, ya chini na ya chini. Sikumwambia amekosea. Mamake alikuwa ameepua mkate wa sinia, nikaomba tuukate vipande 6 sawasawa. Nusu yake ni vipande vingapi? Vitatu. Theluthi je? Viwili. Akavisogeza pamoja, akahesabu vitano kati ya sita. Akatazama daftari, akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Lakini 2/5 haifiki hata nusu!" Jibu lake lilikuwa dogo kuliko nusu aliyoanza nayo, na ameliona mwenyewe. Tulikaa kwenye hesabu za sehemu (fractions) wiki tatu nzima. Aljebra tulipoirudia haikumtisha tena, kwa maana nusu ya kilichomshinda mle ilikuwa ni sehemu zilezile.

Basi toa madaftari yake ya zamani, uyapange kwa miaka, utafute ukurasa ambapo makosa yanaanza kufuatana. Huo ndio ukurasa wa kumpa mwalimu siku ya kwanza.

Binti yangu wa Gredi ya 5 ameandika insha: "My mother, he wakes up early." Tena ameandika kwamba shule inaanza "two o'clock". Marafiki wananishauri tuache Kiswahili nyumbani. — Baba, Likoni

Baba, msikiache. Mtoto asiyeweza kusimulia kisa kwa lugha ya nyumbani hatakisimulia kwa Kiingereza pia.

Makosa yote mawili yana sababu. Kiswahili chetu hakibagui mke na mume: mama anaamka, baba anaamka, wote ni yeye. Binti anapofika kwenye Kiingereza hana mazoea ya kuchagua, anashika neno la kwanza lililo karibu. Mnapovuka feri asubuhi, mteulie abiria mmoja mmoja aseme sentensi moja: "She is carrying a basket." "He is pushing a bicycle." Vivuko vichache tu na ulimi utaanza kuchagua wenyewe. Kwenye insha, kabla hajaikabidhi, atie duara kila "he" na kila "she", kisha ajiulize ni nani huyo.

Kuhusu saa, sisi twahesabu kuanzia macheo, Waingereza wanahesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. Tofauti ni saa 6. Mshushie saa ya ukutani umwonyeshe: namba ya Kiswahili inakaa mkabala na ya Kiingereza. Mbili inatazamana na 8, tatu na 9, moja na 7. Watoto huipenda sana hii, na akishaiona mara moja haipotei.

Mwanangu ana miaka kumi. Akitoka shule ni madrasa, akitoka madrasa ni tuisheni saa mbili usiku, na hulala juu ya daftari. Niikatize madrasa? — Mama, Majengo

Katiza hiyo ya usiku. Mtoto wa umri wake anahitaji kulala muda wa saa 9 hadi 12, na akili iliyochoka haishiki hesabu hata ukilipa maradufu. Somo la muda wa saa moja na nusu Jumamosi au Jumapili, akiwa ameshiba na amecheza, yatosha.

Tena madrasa ina somo kwetu sisi walimu wa tuisheni. Pale mtoto huketi mbele ya ustadhi, akasoma aya yake peke yake, na haruhusiwi kwenda ya pili mpaka ya kwanza imenyooka. Ustadhi anamsikiliza yeye, kosa lake, ulimi wake. Mwalimu wa hesabu unayemlipa mtake afanye vivyo hivyo.

Shule imetutaka tulipie masomo ya likizo. Ni lazima? — Mzazi, Changamwe

Hapana. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 37, inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo, na faini yake inafika shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Uliza kwa adabu, na uliza pamoja na wazazi wenzako.

Mwalimu wa nyumbani nimjueje? — Mama, Bamburi

Muulize namba yake ya TSC, yaani ya tume inayosajili walimu. Mwanafunzi wa chuo kikuu aweza kumsaidia vizuri mtoto wa madarasa ya chini, lakini naye umjue anakotoka na waliomtuma. Somo lifanyike sebuleni, mlango wazi, mtu mzima akiwa nyumbani. Hili silegezi kwa yeyote, mimi mwenyewe nikiwamo. Kisha umwangalie somo la kwanza: anayezungumza saa nzima huku mtoto akinakili hakufai. Kalamu iwe mkononi mwa mtoto.

Shikamoo mwalimu. Niko Gredi ya 9, mama hana pesa za tuisheni. Nitaweza KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari ya chini? — Msichana, Tudor

Marahaba, mwanangu. Mtihani huo ni asilimia 60 ya matokeo yako. Asilimia 20 ni ya KPSEA uliyofanya Gredi ya 6, na 20 nyingine ni tathmini za shule za Gredi ya 7 na ya 8. Kwa hiyo huanzi na mikono mitupu, na kilichobaki ndicho kikubwa.

Tafuta wenzako wawili. Kila mmoja achague mada moja ya hesabu awafundishe wengine kwa sauti, bila kutazama kitabu. Pale mtu anapokwama kueleza ndipo hajaelewa, na mwalimu wenu wa shule mumpelekee swali hilohilo, si "sielewi hesabu". Mwalimu aliyeulizwa swali moja lililo wazi hukosa kujibu kwa nadra sana. Kiingereza, someni gazeti au kitabu ukurasa mmoja kwa siku, kwa zamu, mmoja akisoma na wawili wakisikiliza.

Jumamosi hii anzeni na hesabu za sehemu, kisha uniandikie mmekwama wapi.