Awazoee, na Awaambie Mapema Kuwa Ataondoka

Swali la juma hili lilikuwa: mwanachuo wa ualimu aliyepelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha awazoee watoto wadogo, au ajitenge nao kidogo kwa kuwa hakai sana? Mimi nasema awazoee, tena kuanzia siku ya kwanza. Nasema hivyo kama mwanachuo niliyefanyia mazoezi darasa la kwanza katika wilaya ya Misungwi, mkoani Mwanza.

Wanaotushauri tujitenge wana nia njema. Wanahofia mtoto ataumia mgeni akiondoka, na wanahofia pia kwamba mwalimu kijana akiwachekea watoto, darasa litamshinda. Lakini mtoto wa miaka sita au saba atajifunzaje kusoma kwa mtu anayemwogopa? Kusoma kunaanzia mdomoni, kwa kutamka mbele ya wenzake: ma, me, mi, mo, mu. Lazima atakosea, na hathubutu kukosea mpaka awe na hakika kwamba hatachekwa wala kuchapwa. Pale nilipokuwa, watoto wengi walikuja shuleni na Kisukuma cha nyumbani, na Kiswahili cha kitabuni kilikuwa bado kigeni kwao. Mtoto kama huyo akinyamaza, usikimbilie kusema hajui. Mara nyingi jibu analo, ila hajapata neno la kulisemea, na hawezi kukuomba neno hilo kama hamjazoeana.

Nilianza na majina. Mimi ni mtu wa Tanga, na majina ya Kisukuma yanayoanza na Ng'w- yalinisumbua, kwa hiyo nikawaomba watoto wenyewe wanifundishe kuyatamka. Walifurahi mno kuwa walimu wangu! Jina lenyewe hukupa pa kuanzia. Ukikutana na Shija unajua kwao kuna mapacha waliomtangulia, maana Wasukuma humpa jina hilo anayezaliwa baada ya Kulwa na Doto. Nikimuuliza Shija kama Kulwa na Doto wamekwenda kuchunga, anazungumza mpaka namkatiza. Asubuhi tulisalimiana kwa "mwangaluka", kisha somo likaendelea kwa Kiswahili kama mtaala unavyotaka.

Shida kubwa ni wingi wa watoto. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, na tangu Januari 2016 madarasa ya kwanza yamefurika watoto ambao pengine wangebaki nyumbani. Nalifurahia jambo hilo kwa moyo wote. Hata hivyo kiwango kilichowekwa ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, na 25 kwa elimu ya awali, na madarasa mengi ya vijijini yamekipita mbali. Katika umati huo, kuwapenda watoto kwa jumla hakumfikii mtoto mmoja mmoja. Nilijiwekea utaratibu wa safu: leo nakaa na safu ya dirishani, kila mtoto ananisomea mstari wake na tunahesabu vizibo vya soda pamoja, kesho safu inayofuata. Bila hivyo, wachangamfu wa mbele wangenimaliza na wale wa nyuma nisingewajua kabisa.

Fimbo nayo niiseme wazi. Kanuni za mwaka 2002 zinataka viboko vitolewe na mkuu wa shule, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na visizidi vinne. Mwanachuo hana idhini hiyo. Bado wapo wenzetu wanaokabidhiwa fimbo siku ya kuripoti na kuambiwa kwamba bila hiyo hawatasikilizwa. Waikatae kwa adabu. Nyimbo, makofi ya mdundo na kumwita mtoto kwa jina lake vilitosha kunipatia utulivu, hata mchana wa joto wakati watoto wana njaa.

Kuzoeana kuna mipaka yake. Usimpe mtoto mmoja pipi au kalamu mbele ya wenzake. Usijifanye mwema kuliko mwalimu wa darasa, maana huyo ndiye atakayebaki nao, na watoto wakigawanyika kati yenu wataumia wao. Wala usiahidi kurudi kuwatembelea kama hujui utapangiwa kazi wapi. Mimi niliwaambia wiki ya kwanza kwamba nami ni mwanafunzi na nitarudi chuoni. Tukachora kalenda kwenye karatasi la manila, na kila Ijumaa mtoto mmoja alifuta wiki iliyokwisha. Siku za mwisho nilifundisha bega kwa bega na mwalimu wa darasa, kisha nikamwachia daftari lenye habari za kila mtoto: nani anachanganya b na d, nani haoni ubao vizuri, nani huchelewa kwa sababu anachota maji kwanza.

Ombi langu ni kwa vyuo. Wakufunzi wakija kutupima hukagua andalio la somo, zana na matumizi ya ubao, na ni haki yao. Waongeze jambo moja: wamchague mtoto yeyote darasani, halafu mwanachuo aeleze mtoto huyo amefika wapi katika kusoma na nini kinamkwamisha.