Mgomo wa kwenye Kuli ulitokea kweli

Ukijiuliza kama mgomo wa kwenye Kuli, riwaya ya Adam Shafi, ulikuwepo: ndiyo, ulitokea kweli, Shafi hakuutunga. Makuli wa bandari ya Unguja waligoma mwaka 1948, kisha wafanyakazi wengine mjini wakaunga mkono mpaka ukawa mgomo mkuu. Chanzo kilikuwa ujira mdogo huku bei za vitu zikipanda. Mwanahistoria Anthony Clayton aliuandikia utafiti mzima, ulichapwa 1976, yaani kabla hata riwaya haijatoka (1979).

Ila Rashidi, mhusika mkuu wa riwaya, usimtafute kwenye nyaraka, huyo na wenzake ni wa kubuni. Mwandishi kazaliwa 1940, kwa hiyo mgomo ulimkuta mtoto wa miaka minane hivi. Mazungumzo ya siri ya makuli kayajenga mwenyewe, na mimi naona kayajenga vizuri sana. Ndiyo kwanza naisoma tena jioni jioni, na zile sehemu za bandarini, watu wamebeba magunia migongoni na msimamizi anafoka, hazijachuja hata kidogo. Kurasa za siasa tupu ndizo zinazonichosha, pale wahusika wanapohutubiana badala ya kuongea. Vumilia tu, mgomo ukianza hutaki kukiweka kitabu chini.